Gau: neno la kale la Wagermania juu ya inchi



Mwaka jana tulikuwa tukisoma na vijana wa seminari ndogo kitabu cha Julius Caesar juu ya vita vya Galia. Tukafika pahali anaposema kwamba taifa lote la Wahelveti liligawanyika katika «pagi» nne. Kijana mumoja, mwenye kukaa nyuma na mwenye kuuliza mara chache, akainua mukono: «Padri, pagus ni nini? Kamusi ya Kifaransa inasema canton, tena pays, tena bourg. Je, hayo si mambo matatu mbalimbali? Tena sisi tunasema mupagani. Mupagani naye anatoka wapi?»

Nikajibu mbio: «Pagus ni jimbo dogo», kisha tukaendelea na sarufi, maana saa ilikuwa karibu kwisha. Lakini jibu lile halikuniridhisha mimi mwenyewe, na niliona usoni mwao kwamba halikuwaridhisha wao pia. Jioni nikafungua vitabu. Kumbe pagus ina mwenzake katika lugha za Wagermania, ni neno «gau», na maneno haya mawili yametembea pamoja zaidi ya miaka elfu, hata nyayo zao zimechanganyika. Mwenye kutaka kufahamu moja sharti aulize habari ya lingine. Haya niliyoyapata nayaleta hapa, kwa faida ya wale wenye kufundisha, na ya wale wenye kupenda kujua namna neno moja dogo linavyoweza kuchukuliwa na watu, likafanyizwa kazi ambayo halikuzaliwa kwayo.

Ushuhuda wa zamani kuliko yote wa neno hili hauko katika sheria wala katika barua ya mufalme. Uko katika Injili. Katika karne ya 4, Wagoti walikaa kaskazini ya muto Danube. Kati yao alikuwa mutu jina lake Wulfila, ndiyo kusema «mbwa-mwitu mudogo». Wazee wake walikuwa Wakristu wa Kapadokia, waliotekwa na Wagoti na kupelekwa mbali na kwao. Karibu na mwaka 341 alipewa uaskofu na Eusebius wa Nikomedia, na alifuata chama cha Waario. Jambo hilo hatuwezi kulificha. Lakini kazi yake ya lugha ni kubwa sana. Aliwatungia Wagoti alfabeti, akageuza Maandiko Matakatifu katika lugha yao. Mwandishi mumoja wa zamani, Philostorgius, anasimulia kwamba aliviacha vitabu vya Wafalme, sababu Wagoti walikuwa tayari wakipenda vita kupita kiasi, wakahitaji kuzuizwa kuliko kuchochewa. Nakala iliyo nzuri kuliko zote ya Injili zake iliandikwa Italia mwanzoni mwa karne ya 6, kwa wino wa feza na wa zahabu juu ya ngozi ya rangi ya zambarau. Inaitwa Codex Argenteus, na inalindwa Uppsala katika inchi ya Uswidi. Karatasi zake zilizobaki ni 188, na moja kati ya hizo ilivumbuliwa mwaka 1970 tu, katika kanisa kuu la Speyer huko Ujerumani.

Sasa fungueni Luka, sura ya 15, mufano wa mwana mupotevu. Kwa Kigiriki, inchi ya mbali alikokwenda yule kijana inaitwa «chora». Inchi ile ilipoingiwa na njaa, ni chora vilevile. Na mwenyeji aliyemupa kazi, ni mwenyeji wa chora ile. Neno moja mara tatu. Wulfila hakufanya hivyo. Kijana anapoondoka kwa baba yake, anaandika «land»: alikwenda katika land ya mbali. Lakini njaa inapoingia, anaandika «gawi», na yule mwenyeji naye ni mutu wa gawi ile. Kisha mashamba alikotumwa kuchunga nguruwe yanaitwa «haithi». Maneno matatu ya inchi katika mistari mitatu!

Pengine Wulfila alibadili neno kwa kupendeza masikio tu. Wageuzi wengi hufanya hivyo, hata sisi. Lakini mimi nasoma namna nyingine. Mutu aliye bado nyumbani, anayeifikiri inchi kwa mbali, anasema land. Akiisha kufika, akaona mashamba yake na watu wake, akasikia njaa pamoja nao, ile land imekuwa gawi. Na mahali pengine Wulfila anatumia neno hilo kwa njia ileile: inchi ya Wagerasi aliposhuka Bwana wetu toka mashua ni gawi, na watu waliokaa kandokando ya muto Yordani anawaita «gauja», watu wa gawi. Daima ni inchi yenye wenyeji ndani yake, tena mara kwa mara ni inchi karibu na maji.

Hayo maji yanatufikisha kwenye asili ya neno. Zamani wataalamu wengine walipenda kulifananisha gau na Kigiriki «ge» au «gaia», udongo, lile neno tunalolikuta katika «jografia». Ni jambo la kuvutia, lakini haliwezekani. Wale waliosoma kidogo historia ya lugha wanajua ile kanuni inayoitwa kwa jina la Jacob Grimm: sauti g ya Kigiriki na ya Kilatini inakuwa k katika lugha za Wagermania. Kilatini «ager», shamba, kwa Kigoti ni «akrs». Kilatini «genus», kwa Kigoti ni «kuni». Basi kama gau ingekuwa ndugu ya gaia, leo ingeanza kwa k. Kufanana kwa sura si undugu. Ni kama watu wawili wa makabila mbalimbali waliochanjwa chale zinazofanana.

Wataalamu wengi wa leo wanalikata neno namna hii: kwanza «ga», ndiyo kusema «pamoja», kama Kilatini «con»; kisha neno la kale lenye kutaja inchi ya kando ya maji, lile ambalo kwa Kijerumani cha leo limekuwa «Aue», bonde lenye majani kandokando ya muto, na ambalo linasikika bado mwishoni mwa jina Skandinavia. Ni ukoo wa Kigoti «ahwa», muto, ndugu ya Kilatini «aqua». Gau ingekuwa basi mabonde ya kando ya maji yakihesabiwa pamoja. Sitasema kwamba neno la mwisho limekwisha kusemwa juu ya asili hiyo. Lakini tazameni karta. Aargau katika Uswisi imepata jina lake kwa muto Aare, Thurgau kwa muto Thur. Rheingau ni ya muto Rhine, Kraichgau ya kijito Kraich, Nahegau ya muto Nahe. Wazee wale, walipotaka kusema mutu anatoka wapi, walitaja maji anayokunywa.

Na Ubelgiji pia. Wakubwa wetu waliosoma shule wakati wa ukoloni walikaririshwa majimbo ya Ubelgiji kabla ya kuyajua ya kwao: Brabant, Flandre, Hainaut, Liège, na mengine. Hainaut ilikuwa neno la kukariri tu. Kumbe Waflamishi wanaiita Henegouwen, na mule ndani gau ni wazi kabisa: ni inchi ya muto Haine. Vilevile ile inchi ya udongo muzuri upande wa Tongeren na Sint-Truiden ambayo Wafaransa wanaiita Hesbaye, kwa Kiflamishi ni Haspengouw. Wamisionari wengi waliofika kwetu walikulia katika inchi hizo, na walibeba neno hili vinywani mwao bila kulifikiri.

Turudi sasa kwa pagus, maana Waroma hawakuandika gau. Caesar anasema kwamba Wasuebi walikuwa na pagi 100, na kila moja ilitoa watu elfu wenye silaha kila mwaka, na wengine wakabaki kulima. Mwaka wa kufuata wakabadilishana. Tacitus, katika kitabu chake cha mwaka 98 juu ya Germania, anawapa Wasemnoni nao pagi 100. Hesabu hii ya mia inatokea kwa urahisi kupita kiasi, na mimi sipendi kuiamini sana; mugeni anayeuliza habari za kabila kubwa huambiwa «mia» pahali pa «wengi». Lakini neno lenyewe ni la Waroma. Kwao pagus ilitoka katika kitenzi chenye maana ya kupigilia, kukaza: ni kijiti cha mupaka kilichokazwa katika udongo, kisha kipande cha inchi chenye kupimwa na kijiti kile. Tofauti ni nzuri kuiona. Muroma anaanza na mupaka. Mugermania, kama asili ile niliyoitaja ni ya kweli, anaanza na maji yaliyo katikati.

Toka pagus kukatoka «paganus», mutu wa shamba, asiye wa muji. Waaskari wa Roma walitumia neno lile kwa kumuchekelea mutu asiye askari. Katika karne ya 4 Wakristu walianza kumwita paganus yule asiyebatizwa, na neno likaingia hata katika sheria za makaisari. Kwa nini? Wengine wanasema, ni kwa sababu Injili ilishika miji kwanza, na mashamba yakabaki nyuma. Wengine wanasema, ni kwa sababu Mukristu alijiona askari wa Kristu, na asiyebatizwa alikuwa raia tu. Sababu zote mbili zina nguvu. Mimi nafikiri ya kwanza inatufaa zaidi sisi mapadri kuikumbuka, maana inaonyesha kwamba neno «mupagani», tunalolitamka pengine kwa ukali, mwanzoni halikuwa neno la dini. Maana yake ilikuwa mwanakijiji. Na katika Kifaransa watoto wa pagus ni wapole kabisa: «pays», inchi, na «paysan», mukulima.

Wagermania nao walipita njia inayofanana. Lile neno haithi, mashamba ya nguruwe ya mwana mupotevu, ni «Heide» ya Wajerumani, inchi ya majani isiyolimwa. Na katika Marko, sura ya 7, yule mwanamuke Mugiriki wa Siro-Foinike aliyemuomba Bwana wetu juu ya binti yake, Wulfila anamwita «haithno», ndiyo kusema mupagani. Wako wanaoona katika haithno Kigiriki «ethne», mataifa, na neno la mashamba lingekuwa limefanana nalo tu kwa bahati. Wengi wanasema: haithno ni mutu wa haithi, sawasawa kama paganus ni mutu wa pagus. Hivi kanisa la Magharibi lilipata majina ya wasioamini toka maneno ya inchi, mara mbili, katika lugha mbili.

Baada ya ubatizo wa Wafranki, makarani wa wafalme na wa monasteri waliandika Kilatini, na kila mara walipotaka kuandika gau waliandika pagus. Hapo tunayo maandiko mengi sana, na tunayapata kwa sababu moja: watu walitoa mashamba kwa Kanisa. Monasteri ya Lorsch ilianzishwa mwaka 764 na Cancor, mukubwa wa inchi ya Rhine ya juu, pamoja na mama yake Williswinda. Katika karne ya 12 watawa walikusanya barua zao zote za zamani katika kitabu kimoja, zaidi ya 3,800, na zile za zawadi za watu walizipanga kwa kufuata gau: Lobdengau peke yake, Wormsgau peke yake, Kraichgau peke yake. Ukisoma unakuta mutu na muke wake wanatoa shamba la mizabibu, au nyumba, au kinu, kwa ajili ya roho zao. Mara nyingi wanatoa pia watumwa, wakitajwa kwa majina pamoja na shamba, na watawa wakawapokea bila kuona haya. Sipendi kupita hapo haraka. Majina yale ya watumwa ndiyo pengine alama moja tu iliyobaki ya watu wale duniani.

Barua hizi zina namna yao ya kusema. Zinasema: shamba liko katika pagus fulani, katika kijiji fulani, na mara nyingi zinaongeza: katika «comitatus» ya mukubwa fulani. Hapa ndipo pana jambo ninalotaka ndugu zangu walishike. Pagus, ndiyo kusema gau, inajibu ulizo: wapi? Comitatus inajibu ulizo lingine: chini ya nani? Na kwa ulizo la tatu, «ya nani?», walikuwa na neno la tatu, «alod», mali ya mutu mwenyewe, aliyoipata kwa wazee wake. Sheria ya Wafranki Wasali ina sura nzima juu ya alod. Gau haikuwa mali ya mutu. Mutu alikaa ndani yake, lakini hakuna aliyeitoa, wala aliyeirizi kama shamba.

Kwa kuona wazi kwamba gau na utawala havikuwa kitu kimoja, hakuna ushuhuda muzuri kuliko mapatano ya Meersen ya mwaka 870. Wafalme wawili, Charles Mupara na ndugu yake Louis wa Ujerumani, walikata ufalme wa mutoto wa ndugu yao, Lothar wa pili, aliyekufa mwaka 869. Waliandika orodha ndefu ya vitu walivyogawanya: miji ya maaskofu, monasteri, inchi. Katika fungu la Charles tunasoma Hainaut. Tunasoma pia Brabant, comitatus nne. Hesbaye, comitatus nne. Inchi moja, Haspengouw, na wakubwa wanne ndani yake! Kama gau ingekuwa jimbo la serikali, lenye mukubwa mumoja na mupaka mumoja, mustari ule usingeweza kuandikwa. Wenyeji waliendelea kusema «sisi ni watu wa Haspengouw», na mambo ya wakubwa yakapita juu yao, leo wanne, kesho mumoja.

Toka karne ya 11 na ya 12 wakubwa wenyewe waliacha kujiita kwa inchi, wakajiita kwa majina ya ngome zao za mawe. Gau ikatoka pole pole katika maandiko, ikabaki katika majina na katika vinywa vya wakulima. Upande wa kusini ya Ujerumani wanasema bado «Gäu» kwa kutaja inchi ya wazi, yenye ngano, isiyo na musitu; kandokando ya Straubing katika Bavaria iko ile Gäuboden, maarufu kwa udongo wake. Katika inchi ya Salzburg, wenyeji wanahesabu gau tano: Flachgau, Tennengau, Pongau, Pinzgau na Lungau. Na katika Austria kumwingilia mutu katika Gäu yake ni kumufuata mahali pake, hasa kwa mambo ya biashara au ya musichana. Hivi neno la Wulfila lilifika kuwa neno la ugomvi wa vijana. Si vibaya, ndivyo maneno yanavyozeeka kwa amani.

Lakini hilo halikuachwa lizeeke kwa amani.

Katika karne ya 19 Wajerumani walitamani umoja wa taifa lao, na wataalamu wao wakatafuta katika mambo ya kale mufano wa taifa lenye mupango. Walisoma Tacitus, wakakuta pagi zake. Wakasoma barua za Lorsch na za Sankt Gallen, wakakuta pagi zao. Kati ya maandiko haya iko miaka 700 karibu, lakini wao wakasema: ni kitu kilekile. Kila gau, walifundisha, ilikuwa jimbo la kabila moja toka mwanzo, lenye baraza lake, askari wake na mupaka wake. Wengine walitumia hata mipaka ya dekania na ya maaskofu ili kupata mipaka ya gau za zamani, wakifikiri Kanisa lilikata majimbo yake juu ya yale ya wapagani. Wakachora karta nzuri, zenye rangi, kila gau na rangi yake, bila kipande kimoja cheupe. Nimeona karta za namna hiyo. Macho yanazipenda. Na ubaya wake ndio huo: mutu akiona mustari na rangi, anaamini kwamba mustari ulikuwa udongoni. Mwaka 1961 Peter von Polenz alitoa kitabu kikubwa juu ya majina ya inchi na ya wilaya katika Ujerumani wa karne zile, akayapima moja moja, ili kutenga yale yaliyotaja sura ya inchi na yale yaliyotaja utawala. Kazi ya namna hiyo ni ya taabu, na haitoi karta za kupendeza.

Wakati ule wa karne ya 19, neno lilianza kutumiwa na vyama: vyama vya mazoezi ya mwili vilikata inchi katika gau zao, vyama vya waimbaji vivyo hivyo, na baadaye vijana watembezi. Jambo lisilo na zambi. Kisha, toka mwaka 1925, chama cha Hitler kilifanya vilevile, kikaweka juu ya kila gau mukubwa aliyeitwa Gauleiter. Mwisho gau hizo zilipita 40. Hapo neno lililojibu «wapi?» lililazimishwa kujibu kwanza «chini ya nani?», kisha «ya nani?».

Austria ilipoisha kumezwa mwaka 1938, jina lake lenyewe lilifutwa. Toka mwezi wa Mei 1939 inchi ikakatwa katika Reichsgau saba, na mbili kati yao zikaitwa kwa muto Danube, Niederdonau na Oberdonau, ili neno Austria lisisikike tena. Katika Polandi iliyoshindwa, wakatengeneza Reichsgau Wartheland, kwa jina la muto Warthe. Ona namna walivyoiga: jina la muto, kama wazee. Lakini wazee walitaja maji wanayokunywa wenyeji. Hawa walitaja maji ili kuwafukuza wenyeji. Wapolandi na Wayahudi, mamia ya maelfu, walitolewa katika nyumba zao, na Wajerumani walioletwa toka mbali wakawekwa ndani, kwa kusema kwamba inchi ilikuwa ya Wagermania toka kale. Katika gau ile, Gauleiter Arthur Greiser alifunga makanisa karibu yote na kuwakamata mapadri. Wengi walipelekwa Dachau, ambako wanakanisa zaidi ya 2,500 wa mataifa mbalimbali walifungwa, na zaidi ya nusu yao walikuwa Wapolandi. Katika gau ileile, kule Chełmno, toka Desemba 1941, watu zaidi ya 150,000, karibu wote Wayahudi, waliuawa, na hesabu kubwa ya hao kwa moshi wa magari yaliyofungwa. Greiser alihukumiwa, akanyongwa Poznań mwaka 1946.

Hata Ubelgiji iliguswa, kwa namna ya kuchekesha kama isingekuwa ya huzuni. Mwezi wa Desemba 1944 Hitler aliitangaza kuwa sehemu ya Ujerumani, yenye Reichsgau Flandern na Reichsgau Wallonien. Lakini Brussels ilikuwa imekombolewa toka Septemba. Henegouwen, iliyokuwa gau ya kweli toka miaka elfu, ikajikuta kwenye karatasi ndani ya gau ambayo haikuwako.

Baada ya 1945 hakuna serikali iliyothubutu kuita jimbo jipya kwa neno hilo. Majimbo ya Ujerumani yanaitwa Land, na ya Austria vilevile: lile neno lingine la Wulfila, la inchi inayoonwa toka mbali. Aargau na Thurgau ziliendelea, maana zimekuwa kantoni za Uswisi tangu 1803 na hazikushiriki mambo hayo. Na wakulima wa Gäuboden hawakuacha kusema Gäu. Ila Mujerumani aliyesoma, akisikia Gau peke yake, bila jina la muto mbele yake, anashituka kidogo.

Wasomaji wengine wataniuliza: je, sisi inatuhusu nini? Katika upande wetu wa inchi, tumekwisha kuona karatasi ngapi zenye kusema kwamba kilima fulani kilikuwa cha watu fulani toka mwanzo wa dunia, na wengine wote ni wageni? Sisemi zaidi.

Mwaka huu tulirudi kwa Caesar, klasi nyingine, ukurasa uleule. Yule kijana wa mwaka jana amepanda klasi, lakini aliomba ruhusa akaja kusikiliza, akakaa nyuma kama zamani. Safari hii sikukimbia. Tulisoma mbele kidogo, pale Waroma wanapoiangukia usiku ile pagus ya Watigurini, iliyokuwa haijavuka bado muto Saône, wakati wengine watatu wamekwisha kuvuka. Caesar anakumbusha kwamba pagus hiyo peke yake, siku za baba zao, ilitoka kwao, ikamuua konsuli Lucius Cassius na kupitisha jeshi lake chini ya nira. Hiyo ilikuwa mwaka 107 kabla ya Kristu.

Yule kijana akainua mukono. «Padri, ilitoka kwao? Inchi inaweza kutoka kwao?»

Nikawaambia waandike katika madaftari: pagus, wenyeji wa inchi moja. Na pembeni, kwa kalamu ya risasi: inchi yao pia.